Pale Barua Zinaposubiri

Mji wa Mbulu umekaa juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, na kila kinachotoka Arusha kwenda huko, iwe chumvi, dawa au barua, sharti kipande. Njia moja hupitia Karatu. Nyingine huachana na barabara kuu ya Babati pale Mbuyu wa Mjerumani, huvuka mto Magara, kisha hukwea mlima ambao madereva wa malori waliuogopa masika na kiangazi. Kutoka Mbulu mjini mtu hupita Dongobesh kufika Haydom, na mbele ya Haydom ni bonde la Yaeda, kwao Wahadzabe. Hanang iko upande mwingine: Katesh chini ya mlima wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, na nyuma yake Basotu na Balangdalalu, ambako mvua ikinyesha sawasawa lori hulala njiani.

Historia ya mawasiliano ya wilaya hizi mbili husimuliwa kwa kutaja vyombo: tarishi, lori, simu ya upepo, kompyuta, simu ya mkononi. Jambo lisilosemwa sana ni kwamba msongamano wa barua za Mbulu na Hanang karibu kila mara ulitatuliwa mahali pengine. Ulitatuliwa Moshi, Arusha, Nairobi na London. Siku moja ya Novemba 2008 ukatatuliwa California, na waliopata nafuu wengi hawakujua kilichotokea.

Wajerumani walijenga boma Mbulu mwanzoni mwa karne ya 20, na boma bila barua halitawali. Reli ya Usambara ilipofika Moshi mwaka 1912, mzigo wa posta wa kaskazini yote ulipata mahali pa kushukia. Kutoka hapo ulikwenda kwa miguu ya watu. Baada ya Vita vya Kwanza Waingereza waliirithi njia hiyohiyo. Reli ilifika Arusha mwaka 1929, na barabara kuu ya kwenda Dodoma kupitia Babati na Kondoa ikaipa Babati kazi ambayo haijaiacha mpaka leo, yaani kuwa njia panda ya bidhaa na habari za nyanda za juu.

Serikali ya Tanganyika ilipenda kuandika. Tangu Januari 1923 ilikuwa na gazeti lake la Kiswahili, Mambo Leo, lililopelekwa wilayani kwa mafungu, na juu ya mafungu hayo zilikuja nyaraka: za kodi, za mifugo, za ndui, za mashamba ya pamba ambayo Mbulu hayakuwapo. Ofisi iliyopokea haya yote iliitwa masijala, na neno hilo halijafa. Karani wa masijala alikuwa na utaratibu ambao fundi wa seva angeutambua mara moja: pokea, piga muhuri wa tarehe, andika kwenye rejista, amua ni la nani, weka kwenye faili au peleka. Waraka mmoja wenye nakala arobaini ulimchosha kuliko barua arobaini za watu, kwa sababu nakala zote zilifika siku moja na zote zilidai kusambazwa siku hiyohiyo.

Mwaka 1933 posta za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa, na barua iliyotumwa Mbulu ikawa na bosi wa mbali zaidi. Chini ya mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa 1967, makao makuu ya Posta na Simu yaliwekwa Kampala. Kwa hiyo kwa miaka kumi, ombi la kuongezewa masanduku katika posta ya wilaya iliyo chini ya mlima Hanang lilisimamiwa na shirika lenye makao kando ya Ziwa Victoria. Jumuiya ilivunjika 1977. Mwaka uliofuata Tanzania ikawa na shirika lake la posta na simu, na mwaka 1994 likapasuliwa: posta upande mmoja, TTCL upande mwingine.

Mabadiliko yote hayo ya ngazi za juu hayakugusa desturi moja. Afrika Mashariki barua haimfuati mtu nyumbani; mtu ndiye huifuata. Inafika kwenye Sanduku la Posta, S.L.P., nayo inakaa humo mpaka mwenye ufunguo aje. Mijini sanduku lilikuwa la familia au duka. Mbulu na Hanang sanduku moja lilibeba kijiji kizima, mara nyingine tarafa nzima: la shule, la parokia, la chama cha ushirika, la hospitali. Bahasha iliandikwa jina la mtu, chini yake jina la mwalimu mkuu, chini yake shule, kisha namba na neno Mbulu au Katesh. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa na wamisionari wa Norwe mwaka 1955, ilikuja kujulikana kwa namba ambayo hata wageni wa Ulaya waliikariri: S.L.P. 9000, Haydom.

Ugawaji ulikuwa na saa zake. Shuleni mwalimu wa zamu alisoma majina mstarini asubuhi, na mtoto aliyesikia jina la babu yake alipewa bahasha aende nayo. Kanisani majina yalisomwa baada ya matangazo. Kwa wafugaji wa Kidatoga, ambao hawakukaa karibu na shule wala kanisa, siku ya kupata barua ilikuwa siku ya mnada, wakati ng'ombe na watu wa vijiji vingi wanapokutana uwanja mmoja na mtendaji anajua atawaona. Barua iliweza kusubiri wiki tatu sandukuni bila mtu kulalamika, maana kila mmoja alijua mnada ni lini. Ilikuwa foleni ya kweli, na ilikwenda kwa sababu waliosoma majina waliwajua wenye majina. Bahasha ya mtu asiyejulikana ilirudi posta siku ileile, haikukaa mezani kwa mwalimu mkuu ikila nafasi.

Kilichosonga posta hizo hakikuwa barua za watu. Kilikuwa machapisho.

Hapa inabidi kwenda Uswisi kidogo. Mkataba wa Bern wa 1874, uliozaa Umoja wa Posta Duniani, ulikubaliana jambo la kiungwana: kila nchi ibaki na pesa ya stempu zake, na kila nchi igawe bure barua zinazoingia kutoka nje. Hoja ilikuwa kwamba kila barua huzaa jibu, basi hesabu zitalingana zenyewe. Kwa barua za mama na mwana hoja hiyo ilikuwa sahihi. Kwa majarida, katalogi na vitabu vya dini haikuwa sahihi hata kidogo, maana hakuna anayeijibu katalogi. Nchi zilizopokea mengi na kutuma machache, nyingi zikiwa ndiyo kwanza zimepata uhuru, zilibeba gharama ya kusambaza mizigo ya wengine. Malalamiko yalifika mkutano wa Tokyo wa 1969, na kuanzia 1971 nchi inayotuma zaidi ikaanza kuilipa nchi inayopokea. Karibu miaka mia moja ilipita kabla ya kanuni hiyo kurekebishwa. Miaka hiyohiyo wahandisi wa Marekani walibuni barua pepe na kurudia kosa lilelile.

Mzigo wenyewe ulikuwa na jina: mfuko wa M. Kanuni za posta za kimataifa ziliruhusu mtu kujaza mfuko mzima wa vitabu na magazeti, hadi kilo 30, kwa mpokeaji mmoja na kwa nauli ya chini. Wamisionari waliupenda. Ulipanda meli, ukashuka Tanga au Dar es Salaam, ukapanda reli hadi Arusha, na miezi mitatu au zaidi baada ya kufungwa ukafika posta ya wilaya. Jimbo Katoliki la Mbulu liliundwa mwaka 1953; Walutheri wa Norwe walikuwa na vituo vyao; na kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970 Basotu ilipokea Wakanada wa mradi wa ngano, mashamba makubwa ya NAFCO yaliyolimwa juu ya malisho ya Wabarbaig. Wote hao walisoma, na wote walikuwa na ndugu waliodhani huku hakuna cha kusoma. Ongeza masomo kwa njia ya posta ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, yaliyoanza katika miaka hiyohiyo, na vifurushi vya kampeni ya kisomo, na kadi za salamu za Radio Tanzania zikipita zikielekea upande wa pili.

Arusha ilijua la kufanya. Lori lililopanda Mbulu lilikuwa na nafasi finyu, hivyo mifuko ya barua za kawaida, rejista na za serikali ilipakiwa kwanza, na mifuko ya M ilisubiri ghalani hadi nafasi ipatikane. Masika ilisubiri sana. Mpokeaji aliyengoja majarida yake ya Februari hadi Juni alilalamikia posta ya Mbulu, ambayo haikuwa na kosa lolote. Mfuko wake haukuwa umefika hapo.

Kilichoharakisha mambo ni hewa. Mission Aviation Fellowship, MAF, ilirusha ndege ndogo kutoka Arusha na Dodoma hadi viwanja vya nyasi vya Haydom na kwingineko, zikibeba wauguzi, chanjo na mfuko mwembamba wa barua. Na kila misheni, kila kituo cha polisi, kila shamba la NAFCO lilikuwa na simu ya upepo. Asubuhi watu walikaa karibu na kipaza sauti wakisubiri zamu yao ya kusema. Chombo hicho hakikuwa na foleni ya kuhifadhi. Aliyekosa zamu amekosa, na aliyeongea mno alizomewa na vituo vyote vilivyokuwa vikimsikiliza.

Barua pepe ilipoingia Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1990 haikufika kupitia intaneti. Ilifika kwa FidoNet, mtandao uliobuniwa mwaka 1984 na Tom Jennings wa San Francisco kwa ajili ya wapenzi wa kompyuta wasio na pesa. Kompyuta moja hupigia nyingine simu usiku, hukabidhi furushi la jumbe zilizobanwa, hupokea furushi la upande wa pili, hukata. Mradi wa ESANET ulitumia mbinu hiyo tangu 1991 kuunganisha vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere, Dar es Salaam, Zambia na Zimbabwe. Mashirika yasiyo ya kiserikali ya Nairobi yalikuwa na kituo chao, na furushi la dunia nzima lilipitia GreenNet, London. Ilikuwa London iliyopiga simu, kwa kuwa dakika ya simu kutoka Uingereza ilikuwa nafuu kuliko dakika ya simu kutoka huku.

Madaktari walijaribu njia nyingine kabisa. Shirika la SatelLife, lililoanzishwa na daktari wa moyo wa Boston, Bernard Lown, lilikuwa na setilaiti yake ndogo, HealthSat-2, iliyorushwa Septemba 1993. Ilizunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 800 hivi, na kila kituo cha ardhini, kimojawapo Muhimbili, kiliiona mara chache tu kwa siku, dakika kumi na kidogo kila mara. Katika dakika hizo kituo kilisukuma juu barua zake na kuvuta zilizotumwa kwake. Zilizobaki zilisubiri mzunguko mwingine. Daktari wa wilaya aliyetaka kujua jinsi ya kutibu ugonjwa asiouzoea aliandika ujumbe mfupi, bila mapambo, kama mtu aandikaye telegramu.

Kwa Mbulu na Hanang mlango ulikuwa Arusha. Huko ndiko ulikokuwa Arusha Node Marie, mtandao wa barua pepe ulioanza katikati ya miaka ya 1990 na kuwahudumia wamisionari, watafiti, watu wa utalii na mashirika ya kaskazini. Kampuni ya Habari Node imetoka humo. Mteja alihitaji modemu na laini ya simu isiyokatika, na vyote viwili vilikuwa adimu nje ya Arusha. Miji mingi midogo ya wilaya ilikuwa bado na simu za kukoroga, zinazopitia kwa opereta, na modemu haijui kumsabahi opereta. Ndiyo maana baadhi ya vituo vya mbali viliunganisha kompyuta na redio ileile ya upepo. Mwendo wake ulikuwa wa kobe, lakini ulivuka milima.

Hapo ndipo suala la barua nyingi kwa mpigo lilipogeuka kuwa suala la fedha taslimu. Modemu ya biti 2,400 kwa sekunde hupitisha herufi zipatazo 240 kwa sekunde. Faili la megabaiti moja, ambalo ni picha moja ya harusi iliyotumwa na binamu wa Oslo kwa nia njema, lingeshikilia laini hiyo kwa zaidi ya saa nzima. Barua mia tatu za kazi zingekaa nyuma yake. Katika baadhi ya mitandao hiyo mpokeaji ndiye aliyelipia kila kilobaiti, iliyotoka na iliyoingia, kwa hiyo picha ya harusi ilimfikia pamoja na ankara.

Waendeshaji wa vituo walitunga sheria zao, na zilikuwa kali. Usitume kiambatisho bila kuuliza. Usijibu kwa kunakili barua yote uliyotumiwa. Usijiandikishe kwenye majarida ya kompyuta yanayotuma barua thelathini kwa siku. Juu ya sheria kulikuwa na kizuizi cha mitambo: ujumbe uliozidi ukubwa fulani haukupandishwa mlimani. Ulibaki Arusha au Nairobi, na mpokeaji akatumiwa mstari mmoja wa kumwarifu kwamba kuna mzigo wake, unatoka kwa fulani, una ukubwa huu, je, autaka? Wengi walijibu hapana. Wachache walisubiri mpaka wateremke mjini wakauchukue kwenye disketi. Karani wa ghala la mifuko ya M angeona utaratibu huo ni wa kawaida kabisa, isipokuwa kwamba yeye hakuwahi kumuuliza mtu.

Mwaka 1996 kampuni ya CyberTwiga ilianza kuuza intaneti Dar es Salaam, na mwaka huohuo, Agosti, wahandisi wa intaneti walichapisha amri ndogo iliyowafaa watu wa mlimani kuliko walivyokusudia. Jina lake ni ETRN. Taasisi yenye seva yake ndogo na laini ya kupiga inapounganishwa huiambia seva ya mtoa huduma: nimefika, nipe foleni yangu. Kabla ya hapo seva ya mjini ilikuwa ikibahatisha, inapiga hodi kila baada ya muda kwenye mlango uliofungwa.

Kubahatisha huko kuna gharama, na huonekana vizuri katika Postfix, programu iliyotolewa Desemba 1998 na Wietse Venema, Mholanzi aliyekuwa akifanya kazi IBM. Seva ya barua haina foleni moja. Kuna ya zinazoingia, kuna ya zinazoshughulikiwa sasa hivi, na kuna ya zilizoahirishwa. Ile ya katikati ina kikomo. Kwa desturi Postfix haishiki zaidi ya jumbe 20,000 kwa wakati mmoja. Ujumbe ulioshindikana huahirishwa, hujaribiwa tena baada ya dakika tano, kisha baada ya muda mrefu zaidi hadi kama saa moja na dakika saba, na baada ya siku tano hurudishwa kwa mtumaji. Sasa chukua taasisi moja iliyo nje ya mtandao kwa siku mbili kwa sababu mvua imeangusha nguzo, na barua zake zaidi ya elfu ishirini zimelundikana Arusha. Kila zinapojaribiwa zinajaza foleni ya katikati, na barua za wateja wengine, ambao laini zao ni nzima, zinakwama nyuma ya wasiopatikana. Dawa ilikuwa kuzitenga barua za taasisi hiyo zisijaribiwe kabisa hadi yenyewe iziite. Zikae kando, njia iwe wazi.

Halafu barua taka zikaja kwa wingi ambao hakuna aliyeupangia. Ya kwanza kabisa ilitumwa Mei 1978 na Gary Thuerk, muuzaji wa kompyuta za DEC, kwa watu karibu mia nne wa mtandao wa ARPANET, na ilisababisha hasira kubwa. Miaka ishirini na mitano baadaye zilikuwa zaidi ya nusu ya barua zote duniani. Agosti 2003 kirusi cha Sobig.F kilijituma chenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta. Januari 2004 MyDoom ikavunja rekodi yake. Tanzania ilikuwa bado inatoka nje kwa setilaiti, na megabiti moja iligharimu dola elfu kadhaa kwa mwezi. Kila tangazo la dawa za nguvu za kiume lililoangushwa kwenye kopo la taka huko mlimani lilikuwa tayari limelipiwa nauli ya anga.

Fundi aliyefika kazini Jumatatu na kuandika amri ya mailq aliona foleni ikiteremka kwenye kioo bila kikomo. Kila mstari una namba ya ujumbe, ukubwa wake kwa baiti, siku na saa ulipoingia, na mtumaji. Penye nyota pembeni, ujumbe unashughulikiwa. Penye alama ya mshangao, umeshikiliwa. Na safu ya mtumaji, mstari baada ya mstari, ilisomeka MAILER-DAEMON. Hizo hazikuwa barua taka zenyewe. Zilikuwa taarifa za seva yake mwenyewe, ikijaribu kuwajulisha watumaji wa uongo kwamba wapokeaji wa uongo hawapo.

Chanzo kilikuwa ukarimu. Seva ya mjini ilipokea kila barua yenye jina la taasisi ya mbali, kwa kuwa haikujua nani yupo huko na nani hayupo, ikaipandisha, seva ya mlimani ikagundua hakuna mtu wa jina hilo, ikairudisha. Watuma taka walilijua hilo na walizilenga makusudi seva za akiba kama hiyo ya mjini, wakibuni majina: info, sales, john, mary. Tiba iliyofanya kazi kuliko zote haikuhitaji mtambo wa kununua. Seva ya mbele ilipewa orodha ya majina halisi ya taasisi, na asiyekuwemo alikataliwa mlangoni kabla hata hajakabidhi mzigo. Itifaki ya barua pepe, iliyoandikwa na Jon Postel mwaka 1982, ina majibu ya namna mbili kwa jambo hili: yanayoanza na 5 maana yake usirudi, yanayoanza na 4 maana yake rudi baadaye. Mwaka 2003 Evan Harris alipendekeza hila rahisi juu ya hayo ya 4. Mgeni usiyemjua mwambie arudi baadaye. Seva ya kweli ina foleni na itarudi. Programu za taka za wakati huo hazikuwa na subira hiyo.

Mafundi wa Postfix walikuwa na kidhibiti kingine, kisichoonekana: barua zikiingia kwa kasi kuliko zinavyotoka, programu hulazimisha kila mchakato wake wa kupokea barua kusita kwa sekunde moja kabla ya kuupokea ujumbe mpya. Sekunde moja tu. Ikizidishwa kwa maelfu, inatosha kuwarudishia watumaji mzigo wa kusubiri.

Tarehe 11 Novemba 2008 kampuni mbili za Marekani zilikata mawasiliano ya McColo, kampuni ya San Jose, California, iliyokuwa imehifadhi mitambo ya kuongoza mitandao ya barua taka. Kiwango cha taka duniani kilishuka kwa karibu theluthi mbili siku hiyohiyo. Ahueni haikudumu, miezi michache tu. Lakini ni vigumu kupata mfano mwingine ulio wazi hivi wa waya kuchomolewa upande mmoja wa dunia na laini ya setilaiti upande wa pili kupata nafasi ya kupumua.

Kuhusu mkongo hakuna haja ya kusema mengi. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulitua Dar es Salaam Julai 2009, mkongo wa Taifa ukafuata barabara kuu, na bei ikashuka. Haydom ilikuwa na sababu nzuri ya kuufurahia. Kuanzia 2009 hospitali ile ilikuwa kituo cha Tanzania katika utafiti wa MAL-ED, uliofuatilia ukuaji wa watoto katika nchi nane, na watafiti wake walifanya kazi na wenzao wa Marekani na Norwe kila siku. Takwimu za watoto na barua za wakubwa zilihitaji njia ileile iliyokuwa ikijazwa matangazo.

Kisha seva zenyewe zikaondoka. Wakala wa Serikali Mtandao, ulioanza kazi mwaka 2012 na kugeuzwa Mamlaka kwa sheria ya 2019, ulijenga mfumo mmoja wa barua pepe wa serikali, na leo mtumishi wa Halmashauri ya Mbulu au ya Hanang anaandika kwa anwani ya go.tz huku foleni yake ikiwa kwenye kituo cha data mbali na ofisi yake. Masijala bado ipo. Nyaraka za TAMISEMI bado zinafika nyingi kwa siku moja, sasa zikiwa na viambatisho vya kurasa tisini, na bado kuna mtu anayeamua ni za nani. Hospitali, mashirika na wafanyabiashara nao wamehamia kwa Google au Microsoft. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zinamtaka kila anayetuma barua kwa wingi kwa wateja wao, kiwango cha Google kikiwa 5,000 kwa siku, athibitishe utambulisho wake na aweke kitufe kimoja cha kujiondoa. Hiyo ndiyo kazi ya ghala la Arusha, safari hii bila Arusha.

Bunge nalo lilitia mkono. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinazuia kutuma jumbe zisizoombwa kwa nia ya kutenda kosa, na faini yake haipungui shilingi milioni tatu. Kwa barua pepe sheria hiyo ilichelewa. Watu wa Katesh na Dongobesh walikuwa wameshahamia kwenye simu. Taka ya zama hizi haina kiambatisho wala picha, ni mstari mmoja unaojulikana na kila Mtanzania: ile pesa tuma kwenye namba hii. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, imetenga namba 15040 ya kuripoti namba za matapeli, na mitandao ya simu huzifungia.

Shirika la Posta, kwa upande wake, limegundua thamani ya namba hizohizo. Huduma yake ya Posta Kiganjani humruhusu mteja kuitumia namba ya simu kuwa sanduku lake, hivyo mkulima wa vitunguu saumu wa Mbulu aliyeagiza kipuri hahitaji tena S.L.P. ya shule. Kifurushi kikifika, huletewa ujumbe mfupi wa kumwarifu kwamba kinamsubiri posta. Ujumbe huo hutua katika orodha ileile ya ofa za vifurushi vya intaneti, michezo ya kubahatisha na pesa ya kutumwa kwenye namba hii, nao usipofunguliwa, kifurushi hubaki posta kikingoja mwenyewe.